Usiite Kila Damu Bawasiri

Wengi wanaofika kliniki wakiwa na saratani ya utumbo mpana huanza maelezo kwa neno moja: bawasiri. Mtu aliona damu chooni, akajipa jina la ugonjwa, akanunua dawa ya kupaka, miezi ikapita. Huenda ni bawasiri kweli. Lakini kwa kuitazama damu tu, hata daktari hawezi kukuhakikishia imetoka wapi, na bawasiri haizuii saratani kuwapo.

Mara nyingi saratani hii huanza na kinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo mpana au puru, kiitwacho polipu. Polipu nyingi hubaki hivyo hivyo. Zile zinazogeuka saratani kwa kawaida huchukua miaka 10 hivi, na muda wote huo mwenyewe anaweza asisikie chochote. Hapo ndipo tunapoweza kuiwahi. Katika kolonoskopi, daktari hupitisha mrija wenye kamera kwenye njia ya haja kubwa, na akikuta polipu, mara nyingi huiondoa papo hapo. Wengi huogopa mrija, kumbe kinachosumbua zaidi ni dawa ya kusafisha tumbo inayonywewa kabla ya kipimo. Sitakudanganya: siku hiyo usikae mbali na choo.

Kuna pia kipimo cha choo kinachosaka damu isiyoonekana kwa macho. Hurudiwa kila mwaka au miaka 2, na kikipata damu, lazima kolonoskopi ifuate. Hiki ni cha asiye na dalili. Unayeona damu tayari, nenda kwa daktari moja kwa moja. Miongozo mingi huanzisha uchunguzi kati ya miaka 45 na 50, na mapema zaidi ikiwa mzazi au ndugu wa tumbo moja aliugua.

Mazoezi, vyakula vyenye nyuzinyuzi na kuacha sigara na pombe hupunguza hatari. Kuhusu nyama zilizosindikwa, kama soseji, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitangaza mwaka 2015 kwamba gramu 50 kila siku huongeza hatari kwa takriban asilimia 18. Hata hivyo, nimeshaona wakimbiaji hodari wakiugua. Mazoezi hayachukui nafasi ya kipimo.

Na mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi, akipungukiwa damu kwa kukosa madini ya chuma, asipewe vidonge tu na kurudishwa nyumbani. Aulizwe damu inapotelea wapi, na utumbo wake uchunguzwe.