Nyari ya Marafa Wikendi ya Mashujaa: Yasemwayo na Yalivyo

Sikukuu ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, inapokaribia, Malindi hujaa wageni, na wengi wao wakishachoka na ufuo huulizia Nyari, lile korongo la Marafa lenye kuta nyekundu na nyeupe. Majibu wanayopewa barazani mara nyingi huwa ya kukisia.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba, kwa kuwa Marafa iko kilomita thelathini na kitu tu kutoka mjini, safari haihitaji mpango: mtu atakula mahamri na mbaazi kwa nafasi, atapanda matatu saa 4 asubuhi, na siku itakuwa bado mbichi. Kosa haliko kwenye masafa bali kwenye saa. Anayetoka saa hiyo huteremka korongoni jua likiwa utosini, na mle hamna mti wa kujikinga. Kuta zimemzunguka, zinamrudishia joto, na lita mbili za maji alizodhani ni nyingi huisha kabla hajafika nusu ya njia. Wakati wa kuteremka ni alfajiri au kuanzia saa 10 alasiri. Mwezi wa Oktoba jua hutua huku muda mfupi baada ya saa 12 jioni, na giza letu halikawii, kwa hiyo anayetaka kuziona rangi zikiiva na ateremke kwanza, kisha awe amerudi juu ukingoni mapema. Usafiri wa kurudi usiku nao apatane na dereva kabla ya kuondoka mjini, maana siku za sikukuu magari hugombaniwa.

Wapo wanaoamini kwamba chini ya korongo kuna moto wa volkano, bila shaka kwa sababu wageni wamelipa jina la Jiko la Jehanamu. Hakuna volkano. Ni miamba ya mchanga iliyochimbwa na mvua na upepo, na wekundu wake watokana na madini ya chuma, kama kutu. Wenyeji husimulia habari za matajiri walioogea maziwa wakaangamizwa, na mimi sioni sababu ya mtu kuikatiza hadithi hiyo. Lakini hata jina la Nyari, ambalo hufasiriwa kuwa pahali palipojivunja penyewe, liko karibu na ukweli kuliko hilo la wageni.

La hatari ni kusema kwamba pale ni pakavu, hivyo mvua si neno. Mvua ndiyo iliyolichonga korongo, na Oktoba ndio mwezi ambao vuli huanza kunyesha. Maji yaliyoanguka juu huteremkia humo humo, udongo huteleza, na kingo hulika kwa chini huku juu zikionekana nzima. Niliwahi kusimama hatua mbili kutoka ukingoni nikipiga picha, na donge la ukubwa wa tofali likang'oka pale nilipokuwa nimekusudia kuuweka mguu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoona ujira wa mwongozaji ni pesa ya bure. Njia ya mwaka jana huenda imeshabomoka, na anayejua ni yule apitaye kila siku. Wangu aliitazama miguu yangu, akaniamuru nivue kandambili nivae raba, kisha akayatazama mawingu ya upande wa bara kwa muda mrefu kabla ya kuanza kuteremka.