Je, wajua kwa nini jina Shirazi limeenea toka Karbala hadi Los Angeles, ilhali Washirazi wa Unguja hawaliandiki?

Pitia majina ya watu wa Iran, Iraq, Kuwait, Pakistan, Israel au Wairani wa California, hutakwenda mbali kabla hujamkuta Shirazi. Njoo sasa Tumbatu, Makunduchi au Pemba. Hapo utawakuta watu ambao toka enzi za mababu hujitambulisha kwa kusema "sisi ni Washirazi". Lakini tazama majina yao: Makame, Vuai, Haji, Ameir, Kombo, Mcha. Jina hilo ambalo kwingine huandikwa kwenye pasi ya kusafiria, kwetu halimo. Limekuwaje jina moja likawa ubini wa familia huko, na kabila zima huku?

Tuanze na mji wenyewe. Shiraz uko kusini mwa Iran, katika mkoa wa Fars, juu milimani, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ni mji mkongwe. Vibao vya udongo vilivyochimbuliwa Persepolis, mji wa kale wa wafalme wa Uajemi, umbali wa kilomita 60 hivi, vinautaja kwa jina la Tirazzish, na viliandikwa miaka 500 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Waislamu waliujenga upya mwaka 693, na katika karne ya 10 ukawa makao ya wafalme wa Kibuyi, waliotawala eneo kubwa la Uajemi na Iraq.

Jina la ukoo linapatikana kwa kuongeza irabu moja tu, i, mwishoni mwa jina la mji. Ndivyo walivyopatikana akina Isfahani, Tabrizi, Kermani na Tehrani. Ila kuna jambo moja la kuzingatia, na kwangu hilo ndilo ufunguo wa habari yote. Ukiwa ndani ya Shiraz, kumwita mtu Shirazi hakukusaidii kitu, maana jirani yake naye ni Shirazi, na muuza mkate pia. Jina linaanza kufanya kazi siku mtu anapohama. Akifika Baghdad au Delhi, wenyeji wanamuuliza katoka wapi, wanamwita kwa jibu lake, na wanawe wanalirithi jibu hilo hata kama Shiraz hawajawahi kuuona. Kwa hiyo ukitaka kujua Shirazi wako wapi leo, fuata njia za watu walioondoka.

Walioondoka mapema walikuwa wanazuoni. Abu Ishaq al-Shirazi alizaliwa mwaka 1003 huko Firuzabad, mji mwingine wa Fars, akasoma Shiraz, kisha akawa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad. Huyu si mgeni kwa watu wa pwani yetu, japo wengi hawajui kwamba wanamjua. Kitabu chake cha fikihi ya Kishafii, al-Muhadhdhab, ndicho Imamu Nawawi alichokifanyia sherehe, yaani ufafanuzi mrefu, iitwayo al-Majmu, na madhehebu ya pwani yote ya Waswahili ni hayo hayo ya Shafii. Wapo na washairi, Saadi na Hafidh, ambao majina yao hayakamiliki bila Shirazi. Saadi alizunguka nchi nyingi. Hafidh hakupenda safari; diwani yake ndiyo iliyosafiri kwa niaba yake.

Kisha ikaja zamu ya India. Makasri ya Wamughali, watawala Waislamu wa kaskazini mwa India, na ya masultani wa Dekani kule kusini yaliendeshwa kwa Kiajemi, na kijana wa Shiraz mwenye elimu au mwandiko mzuri aliweza kutajirika huko. Fathullah Shirazi, mtaalamu wa hesabu na mitambo, alianzia Bijapur, akachukuliwa na Sultani Akbar mwaka 1583, akampangia kalenda mpya ya jua. Na ukiingia ndani ya Taj Mahal, kwenye ukanda wa aya za Kurani uliochongwa juu ya marumaru, utaona saini ya mtu aliyeziandika: Amanat Khan al-Shirazi, mwaka 1048 wa Hijria. Katika jengo lote lile, hakuna saini ya mtu mwingine. Wasanifu na mafundi hawakuacha saini zao pale, lakini mji wa mwandishi umesimama pale mpaka leo. Masharifu wa Kishirazi wa Thatta, katika jimbo la Sindh nchini Pakistan, nao wanatokana na mkondo huo wa wahamaji. Siku hizi wanajulikana zaidi kwa siasa.

Iraq ina habari yake. Wanazuoni wa Kishia kutoka Iran walihamia Najaf, Karbala na Samarra kusoma na kufundisha karibu na makaburi ya Maimamu, na wengi wakabaki. Mashuhuri kuliko wote ni Mirza Hasan Shirazi, aliyezaliwa mwaka 1815. Alikuwa akiishi Samarra pale mfalme wa Iran, Naser al-Din Shah, alipompa Mwingereza mmoja haki pekee ya kununua na kuuza tumbaku yote ya nchi mwaka 1890. Wakulima na wafanyabiashara walilalama bila kusikilizwa. Desemba 1891 ikatoka fatwa kwa jina la Mirza Shirazi kwamba kuvuta tumbaku kwa wakati ule ni sawa na kumpiga vita Imamu wa Zama, yaani Imamu wa kumi na mbili ambaye Mashia wanamsubiri. Nchi nzima ikaweka buruma chini. Mpaka ndani ya kasri, wake wa mfalme walikataa kuvuta. Januari 1892 mkataba ukafutwa. Watu wa ukoo wake walibaki kuwa viongozi wa dini Karbala, na mmoja wao, Muhammad al-Shirazi, alihamia Kuwait mwanzoni mwa miaka ya 1970 akikimbia serikali ya chama cha Baath iliyotawala Iraq. Wafuasi wake wakaenea Kuwait, Bahrain na mashariki ya Saudia, na hata leo huko Ghuba ukisema "Mashirazi", wengi watadhani unataja wafuasi wa ukoo huo wa wanazuoni, si wenyeji wa mji.

Wayahudi nao wamo. Shiraz ulikuwa na jamii kubwa ya Kiyahudi kwa karne nyingi, na mwishoni mwa karne ya 19 baadhi yao wakaanza kuhamia Jerusalem. Wajukuu wao huko Israel wanaitwa Shirazi mpaka leo. Ukiongeza kwamba Sayyid Ali Muhammad Shirazi, aliyezaliwa Shiraz mwaka 1819 na kuitwa Bab na wafuasi wake, ndiye chimbuko la dini ya Kibahai, utaona kuwa jina hili halikujali dini ya mwenye kulibeba.

Mpaka hapo Shirazi lilikuwa jina la kuongezea tu, mtu aweza kulitumia au kuliacha. Serikali ndiyo iliyolifunga kwa kamba. Mwaka 1925, chini ya Reza Khan, Iran ilifuta lakabu za kizamani na kumlazimisha kila raia awe na jina la ukoo lililoandikishwa. Sheria ilimpa aliyetangulia kuliandikisha jina katika wilaya haki ya kulimiliki, na waliofuata wakatakiwa kulitofautisha. Ndiyo sababu Iran imejaa majina ya sehemu mbili: Makarem Shirazi, Sayyad Shirazi na mengineyo, neno moja la familia na moja la mji. Baada ya mapinduzi ya 1979, majina hayo yakapanda ndege kwenda Los Angeles, London, Toronto na miji ya Ujerumani. Huko nako maandishi yamebadilika kidogo: ukiona Chirazi ujue limepitia Kifaransa, na Schirazi limepitia Kijerumani.

Sasa turudi kwetu, na hapa nataka tukae kidogo, maana jambo hili limepotoshwa na watu wa pande mbili.

Mapokeo ya Kilwa, ambayo Mreno João de Barros aliyachapisha mwaka 1552, tunayo pia kwa Kiarabu, na sura hiyo ya Kiarabu inasema Sultani wa Shiraz aliondoka na wanawe sita kwa majahazi saba. Kila jahazi likatia nanga mahali pake: moja Mombasa, moja Pemba, jingine Nzwani huko Komoro. La Ali bin Hasan likafika Kilwa, akakinunua kisiwa kwa mkuu wa bara kwa nguo za kutosha kukizunguka. Hadithi hiyo, kwa sura mbalimbali, husimuliwa kuanzia Lamu hadi Komoro.

Wengi wameicheka. Hoja yao ni kwamba Shiraz hauna bahari, basi hao mabaharia walitoka wapi? Jibu lake si gumu. Shiraz ulikuwa mji mkuu, na bandari yake kubwa ilikuwa Siraf, kwenye ufuko wa Ghuba. Msafiri al-Masudi alisafiri na wenye majahazi wa Siraf katika bahari hii ya kwetu mwanzoni mwa karne ya 10. Mtu wa Siraf aliyekuwa raia wa wafalme wa Shiraz angeweza kujitaja kwa mji mkubwa unaofahamika, kama Abu Ishaq wa Firuzabad alivyofanya Baghdad.

Ushahidi wa mawe upo. Nenda Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, uingie msikitini na usimame mbele ya mihrabu. Msikiti umejengwa upya katika karne ya 18, lakini ukutani yamebaki maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye matumbawe: herufi nyembamba zenye ncha zilizosukwa, na tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Wataalamu wameilinganisha michoro yake na ya Siraf. Na huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ilifukuliwa akiba ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, baadhi zikiwa na jina la Ali bin al-Hasan.

Hata hivyo wanaosema kwamba Wajemi ndio walioijenga pwani nao wanakosea. Uchimbaji wa Shanga, kisiwani Pate, umeonyesha mji ulioanza karne ya 8 kwa nyumba za udongo na vyungu vya wenyeji, kabla ya jahazi lolote la Kishirazi la kwenye hadithi. Wageni walikuta watu, na watu wenye miji.

Mwaka 2023 ukaja ushahidi wa mifupa. Watafiti walichunguza vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani kama Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Kwa wengi wao, nusu au zaidi ya asili yao ilitoka kwa Waafrika, hasa upande wa akina mama, na sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wenye asili ya Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000. Baadaye, baada ya 1500 hivi, damu ya Arabuni ndiyo iliyozidi kuingia. Wazee waliosimulia habari za majahazi hawakuwa wakibuni. Makaburi yaliyochunguzwa mengi ni ya wakubwa wa miji, kwa hiyo hayatuambii juu ya kila aliyejiita Mshirazi, lakini kwangu yanatosha kuondoa kejeli.

Kwa nini basi halikuwa ubini? Kwa sababu wageni hao walioa katika koo za kina mama zilizokuwa na ardhi, na watoto wao wakakua wakizungumza Kiswahili. Pwani hutaja watu kwa mfuatano wa baba na babu, fulani bin fulani bin fulani, na mwisho wa mnyororo ule hauhitaji mji. Wapo wachache wanaoandika Al-Shirazi, ila kwa walio wengi neno hili likawa jibu la swali tofauti: si "wewe ni mtoto wa nani?" bali "ninyi ni wenyeji wa tangu lini?" Mshirazi wa Unguja, Pemba, au wa Vanga na Funzi kule Kwale, akijiita hivyo anasema kwamba walikuwepo kabla ya Waomani. Iran kwenyewe anayeitwa Shirazi ni mtu wa kuja. Hapa kwetu Mshirazi ni mwenye kaya.

Ukoloni ulilifanya jina hilo kuwa zito zaidi. Waingereza waliwapanga Wazanzibari kwa mafungu ya asili, na kila fungu lilikuwa na haki zake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili hata mgao wa chakula ulifuata mafungu hayo, na mchele haukuwa wa wote. Sensa moja hadi nyingine, watu walihama kutoka fungu la Waswahili kuingia la Washirazi. Chama cha Washirazi kilianzia Pemba mwishoni mwa miaka ya 1930, na tarehe 5 Februari 1957 Washirazi wa Unguja na Chama cha Waafrika wakaungana kuunda Afro-Shirazi chini ya Abeid Amani Karume. Mwaka 1959 baadhi ya Washirazi wakajitenga wakiongozwa na Mohammed Shamte, wakaanzisha chama chao, ZPPP. Miaka 20 kamili baada ya kuzaliwa, tarehe 5 Februari 1977, Afro-Shirazi iliungana na TANU ikazaliwa CCM, na neno Shirazi likatoka kwenye jina la chama tawala. Sensa za Tanzania nazo ziliacha kuuliza kabila baada ya ile ya 1967, kwa hiyo hakuna daftari la serikali linaloweza kukuambia Washirazi wa visiwani leo ni wangapi. Huna budi kwenda Tumbatu ukawaulize wenyewe.