Ridairekti ya wizi: tovuti ni yako, wageni wanapelekwa kwingine

Umeshuka treni stesheni ya Kigoma, begi begani, unamtajia kijana wa bodaboda gesti unayoijua kule Ujiji. Anakujibu, "Hiyo imefungwa bosi, panda nikupeleke nzuri zaidi." Gesti haijafungwa. Mwenyewe yuko mapokezi, shuka zimetandikwa, anashangaa tu siku hizi wageni wamepungua.

Ridairekti ya wizi ndiyo hiyo, ila inafanyika ndani ya tovuti. Mtu anaandika anwani sahihi au anabonyeza jina kwenye Google, halafu anajikuta kwenye ukurasa mwingine kabisa, mara nyingi unaomwambia ameshinda simu, gari au bando la bure.

Ridairekti yenyewe haina ubaya. Ukibadilisha jina la tovuti, seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) inamjibu mgeni kwa namba 301, yaani tumehama jumla, au 302, tumehama kwa muda. Kivinjari hakina ubishi, kinakwenda kinakoambiwa. Mdukuzi anautumia utii huohuo. Si kama wale watundu wa zamani waliokuwa wakiandika matusi kwenye ukurasa wa mbele ili dunia ijue wamepita. Huyu anapachika mistari michache ya msimbo na kunyamaza, maana akijulikana biashara imekwisha.

Mama mmoja mwenye gesti aliniita baada ya mteja wake kumpigia: "Shikamoo mama, mbona nikifungua tovuti yenu naambiwa nimeshinda simu?" Mama akafungua kwenye kompyuta ya mapokezi. Picha ya geti ipo, mwembe upo, bei za vyumba zipo. "Mwanangu, huyo mteja alikuwa amelewa," akaniambia. Na mimi nikajaribu kwenye kompyuta ileile, sikuona kitu.

Nikatoa simu yangu, nikazima waifai ya pale, nikatumia bando langu na kuitafuta gesti kwenye Google kama mgeni yeyote. Geti likaonekana kwa sekunde moja hivi, kisha likaja gurudumu la bahati linazunguka. Hongera! Umechaguliwa! Saa ikaanza kuhesabu kurudi chini kutoka dakika 5, na chini yake "washindi" wanashukuru kwa Kiswahili cha kuokoteza. Nikafunga, nikafungua tena. Geti, mwembe, bei za vyumba.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Ule msimbo huwa unahoji kabla ya kugeuza. Umetokea Google? Unatumia simu? Umeingia kama msimamizi wa tovuti? Nilishakugeuza mara moja? (Hilo la mwisho msimbo hulijua kwa kidakuzi, yaani alama ndogo ya kumbukumbu iliyoachwa kwenye kivinjari.) Mwenye gesti akipita, yule kijana wa bodaboda anampa shikamoo na kumpisha. Kwa hiyo "mbona kwangu inafunguka vizuri" si ushahidi wa lolote. Mteja mmoja akilalamika, mwamini kwanza, kisha jaribu kwa simu ambayo haijawahi kuingia kwenye usimamizi wa tovuti hiyo.

Faida ya tapeli iko wapi? Analipwa kwa kila mgeni anayemfikisha huko. Ukurasa wa zawadi utakuomba usambaze kiungo kwenye makundi ya WhatsApp, ujaze namba ya simu, ulipe "ada ndogo ya usafirishaji" kwa kadi, au ubonyeze Ruhusu, yaani ukubali kutumiwa arifa. Hilo la kuruhusu watu hulidharau, na mimi naliogopa kuliko mengine: ukishalibonyeza, matangazo yanakufuata kwenye simu hata ukiwa umeifunga tovuti. Kama ulishatoa namba ya siri, ibadilishe kwanza, maswali baadaye.

Wala usidhani kuna mtu anaionea wivu gesti ya Ujiji. Ni programu zinazozunguka intaneti zikibisha kila mlango. Kampuni ya usalama ya Sucuri ilikadiria kuwa kampeni moja tu, Balada Injector, imepita kwenye tovuti zaidi ya milioni 1 za WordPress (mfumo wa kutengenezea tovuti) tangu 2017, ikitumia matundu ya plagini, yaani programu za nyongeza, na templeti, yaani sura ya tovuti iliyotengenezwa tayari, zenye kasoro.

Tovuti ya mama ilikuwa na templeti ya kulipia iliyovunjwa ili itumike bure, na haikuwa imesasishwa tangu kijana aliyeitengeneza ahamie Dar. Mistari ya kugeuza wageni niliikuta kwenye faili la .htaccess, lenye maelekezo ya seva, na mingine kwenye faili la functions.php la templeti. Kulikuwa pia na msimamizi wa tatu ambaye mama hamjui.

Kosa la mafundi wengi ni kufuta ile mistari, kupokea hela na kuondoka. Baada ya siku mbili inarudi, kwa sababu mdukuzi aliacha mlango wa nyuma, faili dogo lenye jina la kawaida kabisa. Mimi nilimwondoa yule msimamizi, nikabadilisha nywila zote, ya seva na ya hifadhidata zikiwemo, nikatupa templeti, nikaweka WordPress na plagini mpya kutoka chanzo chake. Nakala rudufu inafaa ikiwa tu ni ya kabla ya uvamizi, na ya kwetu haikuwa. Ikiwa Google imeshaweka lile onyo jekundu la kuwaambia wageni tovuti ni hatari, ukimaliza kusafisha unaomba ukaguzi upya kupitia Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti.

Nikiwa nafunga kompyuta, simu ya mjukuu wa mama ikalia mezani. Umeshinda. Ikalia tena. Nikaingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, nikaliondoa lile jina la ajabu. Kumbe dogo aliliona gurudumu wiki nzima kabla ya mteja na hakumwambia mtu, alikuwa anasubiri mzigo wake ufike.