Kaya moja, ofisi nne: kwa nini halmashauri iunganishe huduma za afya na ustawi wa jamii

Chukulia kaya ambayo unaweza kuikuta katika kata yoyote ya Tanzania Bara. Bibi aliyevuka miaka 60 analea wajukuu watatu. Mdogo wao amekonda, na mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki umeshuka miezi miwili mfululizo. Muuguzi wa zahanati anaona tatizo la lishe. Afisa ustawi wa jamii anaona watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi. Mratibu wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, anaona kaya yenye uhitaji ambayo pengine haimo kwenye orodha ya walengwa. Mtendaji wa kata anaombwa barua ya utambulisho. Wote wanafanya kazi chini ya halmashauri moja, lakini anayebeba taarifa kutoka ofisi hadi ofisi ni bibi mwenyewe, na kila anapofika huanza kueleza upya.

Kuunganisha huduma za afya na za ustawi wa jamii maana yake ni kumtua bibi mzigo huo na kuubebesha halmashauri. Wajibu huo haukuanza jana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 94, inaitaka mamlaka ya serikali za mitaa ilinde na kuendeleza ustawi wa mtoto katika eneo lake. Sheria imeitaja mamlaka nzima, si dawati moja. Kwa hiyo mganga mfawidhi anayemtibu mtoto na kumrudisha kwenye nyumba isiyo na chakula, bila kumjulisha mtu yeyote, ameacha nusu ya kazi ya mwajiri wake.

Kimuundo tumepiga hatua. Januari 2022 Wizara ya Afya ilitenganishwa na ile ya Maendeleo ya Jamii, lakini katika halmashauri ustawi wa jamii umebaki pamoja na afya na lishe. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, maofisa wawili wanaweza kuwa chini ya mkuu mmoja, milango yao ikatazamana, na bado kila mmoja akawa na daftari lake.

Mahali ambapo muunganiko umefanya kazi panafaa kutazamwa kwa makini. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba ni takriban watoto 13 tu kati ya 100 wenye umri chini ya miaka mitano waliokuwa na cheti cha kuzaliwa Tanzania Bara. Mzazi alilazimika kusafiri hadi makao makuu ya wilaya, kulipa ada na kurudi tena siku nyingine. Kuanzia mwaka 2013, kwa kuanzia na Mbeya, RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ilipeleka usajili wa watoto hao kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata. Ada ikaondolewa, na taarifa zikatumwa kwa simu ya mkononi. Mama akaanza kupata cheti mahali pale pale anapompeleka mtoto kuchanjwa. Idadi ya waliosajiliwa ilipanda kwa kasi katika mkoa huo, na utaratibu ukaendelea kupelekwa mikoa mingine. Hakukujengwa jengo jipya, wala hakukuundwa idara mpya. Huduma ilifuata watu mahali walipokuwa wakienda tayari, na mtumishi wa kila kituo akajua kwamba kazi hiyo ni yake.

Sasa linganisha na rufaa kutoka zahanati kwenda ustawi wa jamii. Mara nyingi huwa ni maneno ya mdomo: "Mama, nenda ukamwone afisa ustawi." Hakuna fomu inayorudi kusema kama alifika. Rufaa ya kitabibu kwenda hospitali huambatana na karatasi na maelezo ya mgonjwa. Rufaa ya kijamii inastahili heshima hiyo hiyo: jina la anayepokea, namba yake ya simu, na tarehe ya kumjulisha aliyetuma. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa kitaifa ulizinduliwa Januari 2024, ndio wanaofaa zaidi kuifuatilia, kwa sababu wao huingia majumbani.

Kuna pia suala la fedha, na hapa ndipo wataalamu tunapaswa kusema wazi. Mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano na mzee asiye na uwezo wana haki ya msamaha wa gharama za matibabu. Lakini kituo kinapotoa msamaha, dawa imetoka na hakuna kilichoingia kufidia. Afisa ustawi wa hospitali anapopitisha maombi anaonekana kama anapunguza mapato ya kituo. Hata watumishi wawili wenye nia njema watavutana katika hali hiyo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka mfuko wa kugharamia wasio na uwezo, na utakapofanya kazi ipasavyo mvutano huo utapungua. Ila mfuko hauwezi kumlipia mtu asiyetambuliwa. Kumtambua kunahitaji orodha ya TASAF, tathmini ya afisa ustawi na uthibitisho wa serikali ya mtaa vilingane, na kwa sasa havilingani kila mahali.

Wenzetu wa Kenya wana ugumu wa namna nyingine. Tangu mwaka 2013 huduma za afya ziko chini ya kaunti, ilhali maofisa wa watoto na malipo ya Inua Jamii, mpango wa fedha kwa wasiojiweza, vimebaki serikali ya kitaifa. Huko muunganiko unahitaji makubaliano kati ya serikali mbili. Kwetu sehemu kubwa iko mikononi mwa mkurugenzi na baraza la madiwani, kwa hiyo kisingizio chetu ni chembamba zaidi.

Diwani anayesoma haya aulize, Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri unapoletwa, ni fedha kiasi gani zimetengwa kwa ustawi wa jamii, na mwaka uliopita zilitoka kiasi gani. Mara nyingi nauli ya afisa ustawi kwenda vijijini ndiyo hukatwa kwanza, na bila nauli hiyo hakuna tathmini ya kaya.

Mwananchi unayekwenda kuomba msamaha wa matibabu, nenda na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji, kadi ya kliniki ya mtoto, na kitambulisho cha mlengwa wa TASAF kama unacho. Ukifika hospitali, omba kuonana na afisa ustawi wa jamii kabla ya kuambiwa urudi nyumbani. Uonapo mtoto anayeteswa au kutelekezwa, kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinakutaka utoe taarifa serikali ya mtaa. Unaweza pia kupiga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, bila malipo.