Ila Iliyofichwa Katika Mauzo ya Farasi ni Nini?

Hakuna mzuri asiye na ila, yaani kasoro, na farasi wamo humo. Mmoja ana kovu gotini, mwingine anaogopa maji, wa tatu hakubali kupandishwa kwenye lori mpaka abembelezwe nusu saa. Kuuza farasi mwenye ila si kosa, wala kumnunua si ujinga, maadamu wote wawili wanaijua na bei imeizingatia. Kosa huanza pale mmoja anapojua na mwenzake akafanywa asijue.

Ila iliyofichwa, basi, ni tatizo la mwili au la tabia lililokuwapo kabla ya mauzo, ambalo mnunuzi makini asingeliona kwa kumkagua mnyama kwa kawaida, na ambalo muuzaji alilijua akalinyamazia, au akalizuia lisionekane. Yote matatu yawepo kwa pamoja. Farasi aliyevunjika mguu wiki mbili baada ya kununuliwa amepata ajali, hakuwa na ila iliyofichwa. Farasi mwenye jicho jeupe la upofu hana ila iliyofichwa pia, kwa sababu jicho liko hadharani. Na yule mwenye uvimbe tumboni ambao hata muuzaji hakuwahi kuushuku ana ila iliyojificha. Kujificha na kufichwa ni vitu viwili: cha kwanza ni bahati mbaya ya wote, cha pili ni tendo la mtu.

Jambo hili linauma zaidi katika mauzo binafsi, yaani ya mtu kwa mtu, bila kampuni katikati. Anayefanya biashara ya farasi kila wiki ana jina la kulinda. Muuzaji binafsi huenda anauza mnyama mmoja katika miaka kumi na hatarajii kukutana tena na aliyemnunua. Yeye amekaa na farasi huyo mwaka mzima, mvua na jua. Mnunuzi amemwona dakika arobaini. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alieleza matokeo ya pengo la namna hiyo akitumia mfano wa magari yaliyokwisha kutumika. Mnunuzi asiyeweza kutofautisha kizima na kibovu hukubali kulipa bei ya katikati tu; mwenye kizima akiona hiyo bei haimfai, hujitoa; sokoni wanabaki wenye vibovu. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2001. Kwa farasi pengo ni kubwa zaidi, maana farasi hubadilika kwa majira, kwa malisho na kwa mkono wa anayempanda.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Watu wengi hudhani ila hufichwa mwilini, wakajifunza kuinua kwato na kupapasa miguu. Kupapasa ni kuzuri, lakini ila ya farasi hufichwa zaidi ndani ya wakati. Muuzaji mdanganyifu huchagua saa, siku au mwezi ambao ukweli umelala, na hapo ndipo anapokukaribisha.

Tuanze na miezi. Kuna farasi wanaowashwa vibaya na visubi, wakajisugua mpaka manyoya ya shingo na ya mkia yakatoka. Katika nchi zenye baridi kali, wadudu hao hawapo majira ya baridi, na ngozi ya Januari haina hata mkwaruzo. Kuna wanaotikisa kichwa kwa nguvu wakati wa jua kali na chavua, kiasi cha mpandaji kushindwa kushika hatamu, halafu wakatulia miezi sita. Ugonjwa wa kuvimba ndani ya kwato humrudia farasi aliyewahi kuupata pale majani mabichi yanaposhamiri. Pumu ya farasi ni kinyume chake: huchochewa na vumbi na ukungu wa nyasi kavu bandani, kwa hiyo farasi aliyelala malishoni wiki kadhaa anaweza kupumua kama hana tatizo lolote. Aliyeugua pumu kwa muda mrefu, hata hivyo, mara nyingi huwa na mfereji ubavuni, nyuma ya mbavu, kutokana na misuli ya tumbo iliyonenepa kwa kusaidia kutoa pumzi. Mfereji huo haupotei kwa kukaa malishoni wiki mbili.

Ndiyo maana swali la kwanza halipaswi kuwa «ana afya?» bali «kwa nini anauzwa sasa, na mwaka jana mwezi kama huu alikuwaje?»

Kisha kuna siku na saa. Farasi mkali hupewa dawa ya kutuliza, kama asepromazini, akatembea kwa upole mbele ya mtoto wa mgeni. Farasi anayechechemea hupewa fenilbutazoni, dawa ya maumivu inayotumika sana kwa farasi, na mguu ukakanyaga vizuri. Wengine hawahitaji hata dawa. Humzungusha mnyama kwa kamba tangu alfajiri hadi nguvu imwishie, au humnyima maji, kwa kuwa farasi mwenye kiu kali huwa mnyonge na mnyonge huonekana mtulivu. Hili la maji linanikera kuliko yote. Dawa angalau ina kazi yake halali. Kumkausha mnyama koo ili aonekane na adabu ni ukatili mtupu, na unaweza kumletea msokoto wa tumbo unaoua.

Dalili zipo kwa anayezijua. Aliyetulizwa kwa dawa huinamisha kichwa, kope humlegea, na dume huweza kuacha uume ukining'inia muda mrefu bila sababu. Ukifika ukakuta farasi amekwisha tandikwa na manyoya yameshikana kwa jasho lililokauka, mtu amemtangulia kumpanda. Uliza kwa nini. Fika saa moja kabla ya muda mlioafikiana. Rudi siku nyingine bila taarifa ndefu. Mwombe muuzaji amtoe farasi bandani, amtandike na ampande yeye mwenyewe kwanza. Asiyethubutu kumpanda farasi anayekuuzia amekwisha kukujibu.

Zipo pia ila zinazofichwa kwa kisu. Farasi mwenye maumivu sugu nyuma ya kwato za mbele anaweza kukatwa mishipa ya fahamu inayoingia sehemu hiyo. Upasuaji wenyewe ni wa kitabibu na hufanywa kwa nia njema. Lakini ugonjwa hauponi. Kinachoondoka ni hisia. Farasi huyo anaweza kukanyaga msumari asihisi, na akipandishwa kuruka vizuizi huendelea kuuharibu mguu ambao haumwonyi tena. Makovu ni madogo, yapo chini ya kifundo, yamefunikwa na manyoya. Daktari huyagundua kwa kubonyeza ngozi ya visigino kwa kitu chenye ncha butu na kuona kama mnyama anashtuka. Kumuuza farasi wa namna hii bila kusema ni kuhatarisha uhai wa yule atakayekaa juu yake, na sioni udhuru wowote.

Umri nao ulikuwa ukighushiwa. Meno ya mbele ya farasi mchanga yana vishimo vyeusi vinavyosagika na kutoweka kadiri miaka inavyokwenda, na wadanganyifu wa zamani walikuwa wakichimba vishimo vipya na kuviunguza kwa chuma cha moto ili mzee aonekane kijana. Hila hiyo ina upungufu: kishimo cha asili kimezungukwa na duara la tabaka gumu la jino, cha kuchonga hakina. Pia meno ya mzee huelekea mbele, na hakuna moto unaoyarudisha. Siku hizi penye chipu chini ya ngozi ya shingo na hati ya utambulisho, kazi ni kulinganisha namba. Muuzaji anayesema hati imepotea katika hamahama anaweza kuwa anasema kweli, lakini fedha yako isitoke mpaka hati ipatikane.

Tabia ni fumbo gumu kuliko mwili. Farasi anayeng'ata ubao na kumeza hewa hufungwa mkanda shingoni, na mkanda huvuliwa mgeni akikaribia. Tazama kingo za mlango na za hori, meno huacha ushahidi. Anayesimama wima kwa miguu ya nyuma anaweza asifanye hivyo akiwa nyumbani, mbele ya rafiki yake wa malishoni. Mtoe peke yake barabarani. Fumbo litafumbuka.

Udanganyifu mwingi, hata hivyo, hauhitaji sindano wala kisu. Unahitaji sentensi iliyo kweli nusu. «Hajawahi kuchechemea tangu niwe naye», na amekuwa naye wiki tano. «Daktari alimwona mwezi uliopita», na alikuja kutoa chanjo. «Anauzwa kwa kukosa muda», na muda ulikwisha siku farasi alipomwangusha binti yake. Hakuna neno la uongo humo, ndiyo sababu maneno haya ni ya hatari. Dawa yake ni swali lisilo na mlango wa nyuma, kwa maandishi: je, amewahi kuchechemea, kuwa na msokoto wa tumbo, kufanyiwa upasuaji, kudungwa sindano kwenye viungo, kumjeruhi mtu? Je, amepewa dawa yoyote ndani ya siku 30? Jibu la maandishi hubadilisha ukimya kuwa kauli, na kauli ya uongo hushikika kisheria kwa urahisi kuliko kunyamaza.

Sheria zimehangaika na hili tangu zamani. Roma ya kale ilikuwa na maofisa wa masoko ambao amri yao iliwataka wauzaji wa wanyama watangaze waziwazi ugonjwa na kasoro za kila mnyama. Asiyetangaza alirudishiwa mnyama wake ndani ya miezi sita, au bei ilipunguzwa ndani ya mwaka, hata kama yeye mwenyewe hakuijua kasoro. Fikihi ya Kiislamu nayo inampa mnunuzi hiari ya kurudisha kilichouzwa kikiwa na aibu. Neno hilo kwa Kiarabu lina maana ya kasoro. Mtume alikataza kuzuia maziwa kiweleni ili mnyama aonekane mwenye maziwa mengi. Ni mfano ule ule wa kukificha kitu ndani ya wakati.

Ufaransa ilichagua njia ya orodha. Sheria ya tarehe 2 Agosti 1884 ilitaja kasoro mahususi zinazomruhusu mnunuzi kumrudisha farasi, zikiwamo ugonjwa wa mapafu, kukoroma kwa koo, kumeza hewa na kuchechemea kwa zamani kunakokuja na kuondoka. Orodha ya aina hiyo ingalimo katika sheria ya kilimo ya nchi hiyo, na muda wa kudai ni siku 10 kwa nyingi, 30 kwa chache. Ujerumani nayo ilikuwa na kasoro kuu sita na dhamana ya siku 14, kwa amri ya mwaka 1899, mpaka ilipoiacha mwaka 2002. Naelewa kwa nini iliiacha. Orodha inampa mdanganyifu ramani ya mahali pa kuvukia, na siku 14 ni chache mno kwa kasoro inayongoja majira.

Uingereza imesimama upande wa «mnunuzi na awe macho». Anayenunua kwa mtu binafsi huko hana haki ya kudai kwamba farasi lazima awe na ubora wa kuridhisha; anachoweza kudai ni kwamba alingane na alivyoelezwa, na kwamba hakudanganywa kwa kauli ya uongo. Akinunua kwa mfanyabiashara, ulinzi ni mpana zaidi. Hivyo wapo wafanyabiashara wanaojifanya watu binafsi, farasi «wa familia» wakitoka zizi lile lile mwezi baada ya mwezi. Sheria ya huko inakataza kujifanya hivyo.

Ngao yenye nguvu kuliko zote ni daktari wa mifugo uliyemchagua mwenyewe, asiyemtibia muuzaji. Atasikiliza moyo, atatazama macho gizani, atakunja kila mguu kisha amkimbize farasi papo hapo, atamchunguza baada ya kazi na tena baada ya mapumziko, na akiona haja atapiga eksirei. Muhimu kuliko yote, mwombe achukue damu ihifadhiwe maabara kwa miezi kadhaa. Farasi akibadilika baada ya kufika kwako, damu ile itapimwa dawa. Nimeona watu wakibana gharama hii na kuilipa mara nyingi baadaye. Muuzaji mwaminifu hapotezi chochote kwa damu kuchukuliwa.

Ikitokea umekwisha kununua na umeanza kushuku, usimpande. Mwite daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa nyingine hutoka mwilini ndani ya siku chache. Tunza tangazo, ujumbe, picha na video. Mwandikie muuzaji mara moja ukieleza ulichokiona na unachotaka afanye; kila wiki unayokaa kimya itahojiwa baadaye. Na tangu siku daktari anapoandika alichokikuta, wewe ni mtu anayejua. Ukimuuza farasi huyo kwa mwingine, karatasi hiyo iende pamoja naye.