Maana ya enameli ya kuchorwa katika mabakuli ya kale ya China

Enameli ni kioo kilichosagwa kikawa unga, kikatiwa rangi kwa oksidi za metali, kisha kikapakwa juu ya chombo na kuchomwa tanuruni hadi kikayeyuka na kushikamana nacho. Aliyekulia na sahani nyeupe za bati, zile ambazo zikianguka hubanduka na kuacha doa jeusi, anaifahamu enameli hata kama hajawahi kuiita hivyo. Inapoitwa ya kuchorwa, maana yake ni kwamba fundi huipaka kwa brashi kama mchora picha, tofauti na ufundi mkongwe zaidi ambao rangi hutenganishwa kwa nyuzi za metali zilizosimamishwa juu ya chombo.

Uchoraji huu ulitoka Ulaya na kufika China mwishoni mwa karne ya 17. Mfalme Kangxi, aliyetawala kuanzia 1661 hadi 1722, aliupenda mno, akaufungulia karakana katika kasri lake la Beijing, na mwaka 1719 akampata fundi Mfaransa, Jean-Baptiste Gravereau. Guangzhou, bandari iliyofanya biashara na wageni, ilikuwa na karakana zake pia.

Bakuli la shaba hufuliwa hadi liwe jembamba, kisha hupakwa enameli nyeupe ndani na nje. Ni lazima pande zote mbili, kwa kuwa shaba na kioo hutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, na bakuli lililopakwa upande mmoja laweza kupinda au kuatuka linapopoa. Picha huchorwa juu ya weupe huo na kuchomwa tena. Yapo vilevile mabakuli ya kauri yaliyotengenezwa Jingdezhen, mji wa China uliosifika kwa kauri, na kupelekwa Beijing kuchorwa, hivyo jina hili hutaja ufundi wa rangi, wala si kitu kilichofanyizia bakuli.

Uzuri wake mkubwa, kwa maoni yangu, umo katika rangi ya waridi, ambayo hutokana na chembe ndogo mno za dhahabu. Fundi aliweza kuichanganya na nyeupe isiyopenyeka nuru, na ndiyo maana petali ya ua la peoni huanza karibu nyeupe ukingoni, ikakolea taratibu kuelekea kwenye moyo wa ua pasipo mstari wowote wa kutenganisha.

Mapambo nayo husomwa. Popo, ambaye kwetu ni mwizi wa maembe, huchorwa kwa heshima kwa sababu jina lake la Kichina, fu, hutamkwa sawa na neno la baraka. Wakiwa watano ni baraka tano, na tunda la pichi likiwa kando yao huongeza maisha marefu. Chini ya mabakuli ya kasri huandikwa herufi nne zisemazo kwamba yalitengenezwa kwa amri ya mfalme, lakini alama hizo ziliigwa sana baadaye, kwa hiyo mchunguzi makini hatosheki nazo. Hutazama pia mdomo wa bakuli, mahali palipobanduka, ambapo rangi, tabaka jeupe na shaba nyekundu huonekana kwa mfuatano.