Nguzo ndiyo, lakini si ile ya stima

Wiki haipiti bila mtu kunitumia picha ya kisanduku cha popo, yaani nyumba ndogo ya mbao ya popo kulala mchana, kilichopigiliwa misumari kwenye nguzo ya stima, na chini yake maneno: "Daktari wa popo, tumefanya ulivyosema." Sikusema hivyo. Nilisema nguzo. Naandika haya mara moja ili nikiulizwa tena nitume linki na kuendelea na kazi yangu.

Chanzo cha kosa nakijua. Maelezo karibu yote ya visanduku vya popo yaliyomo mtandaoni yametoka Marekani, na kwa hili yako sahihi: popo hukubali kisanduku kilicho juu ya nguzo au kwenye ukuta wa jengo kuliko kilichofungwa mtini. Mti una kivuli, una matawi yanayoziba njia, una paka, na ukikaa karibu na msitu wa Karura una kanu pia, yule mnyama kama paka mwenye madoa. Halafu maelezo hayo huja na picha: nguzo ndefu ya mbao, kisanduku juu, jua, nyasi. Ambacho msomaji hakioni ni kwamba nguzo ile haina waya hata mmoja. Imeng'olewa ilipozeeka, mwenye shamba akaichukua, akaisimika mwenyewe mahali anapotaka. Msomaji wa Buruburu, hapa Nairobi, anaitazama, anachungulia dirishani, anaona nguzo. Basi, anaita fundi.

Nikikataa, watu hugawanyika makundi mawili, na yote mawili hunichosha. Kundi la kwanza: "Kweli, stima itawachoma popo." La pili: "Mbona ndege hukaa kwenye nyaya na hawafi?"

Ndege hafi kwa sababu amegusa waya mmoja tu, kwa hiyo umeme hauna pa kwenda kupitia mwilini mwake. Anayekufa ni mnyama mwenye upana wa kufikia nyaya mbili kwa pamoja, au waya na chuma kilichounganishwa na ardhi. Popo wa kiasi hicho tunao. Eidolon helvum, yule mkubwa wa matunda mwenye manyoya ya rangi ya majani makavu, akikunjua mabawa hufika takriban sentimita 75, na akitua vibaya kwenye nyaya, kwaheri. Lakini huyo hataingia kisanduku chako hata umwandikie barua ya mwaliko. Popo wa matunda wa hapa mjini hulala mitini, na yule anayekuamsha usiku kwa kulia mlio mmoja huo huo kwenye mti wako wa mapera, Epomophorus, ni vilevile. Ukiweka kisanduku ili umhamishe kutoka kwenye mapera, umetengeneza pambo la bustani.

Wanaoingia visanduku ni wala wadudu. Kwa Nairobi, nikisema ukweli, tunazungumzia hasa popo wenye mkia huru, Mops pumilus na jamaa zake, walewale waliomo kwenye dari yako. Ni mnyama wa gramu kumi na kitu. Huyo kuunganisha nyaya mbili kwa mabawa yake ni kazi ngumu. Kwa hiyo stima si hoja ya popo, na ndiyo maana sipendi watu wanaponiunga mkono kwa sababu isiyo yake.

Anayeweza kufa ni wewe. Au fundi wako, na ngazi yake ya alumini. Nyaya za mtaani zina volti 240 hadi 415, na kule kwenye transfoma unakutana na 11,000, ambazo huweza kuruka pengo dogo kabla hujagusa chochote. Kisha kuna mtu mwingine ambaye hamfikirii kabisa: yule anayepanda nguzo hiyo saa nane za usiku mvua ikinyesha, kwa mkanda na viatu vya chuma, kwa sababu wewe umepiga simu kwamba stima imepotea. Anafika juu, anakuta sanduku pale anapotakiwa kupitisha mkanda. Na ndani ya sanduku, mara nyingi, hakuna popo. Kuna nyuki.

Nyuki wetu hawasubiri mzinga. Fundi ambaye hajawahi kuona nyumba ya popo huona uwazi wa chini kama kasoro, akauziba "wasije wakaanguka", kisha akatoboa tundu la mviringo mbele kama la nyumba ya ndege. Hapo ametengeneza mzinga, tena mzuri, mita tano kutoka ardhini. Kisanduku cha popo hakina sakafu. Chini kuko wazi kabisa, vyumba vya ndani ni nyufa za sentimita 2 hivi, na mavi hudondoka yenyewe nje. Nyufa nyembamba zenye mwanga unaoingia kutoka chini hazimvutii nyuki sana, ingawa sitaapa.

Umiliki niuseme haraka: nguzo ni mali ya Kenya Power, na hata kampuni za intaneti hulipa ili kupitisha nyaya zao juu yake. Wewe na misumari yako ya inchi nne hamna ruhusa. Tuendelee.

Sasa lile ambalo kwangu ndilo kubwa, na ambalo sijawahi kuulizwa. Tuseme nguzo haina umeme kabisa na mwenyewe amekuruhusu. Bado ni mahali pabaya, kwa sababu popo huyu wa mkia huru haruki kama ndege. Simama chini ya dari yenye popo mwendo wa saa kumi na mbili na nusu jioni, giza likianza, utazame ukingo wa bati. Kwanza pua inachungulia. Kisha anatambaa hadi ukingoni, anajiachia, na kwa mita mbili au tatu anaanguka tu, mabawa yakifunguka njiani, ndipo anashika kasi na kupinda. Mabawa yake ni marefu na membamba, yameumbwa kwa mwendo wa kasi juu angani, na kuanza safari bila kuanguka kwanza humpa taabu. Ndiyo maana tunataka kisanduku kiwe mita 4 hadi 6 juu, na chini yake pawe peupe. Nenda katazame nguzo iliyo nje ya geti lako. Chini ya mahali ulipotaka kutundika pana waya wa stima wa jirani, waya wa intaneti, mwingine wa intaneti ya kampuni iliyofunga zamani, waya wa kushikilia nguzo isilale, bango la mganga, na tawi la jakaranda. Popo akijiachia hapo anaangukia kamba.

Na taa. Nguzo nyingi za barabarani zina taa, au ziko karibu na mulika mwizi, zile taa kubwa za mlingoti mrefu, na mtu hunieleza kwa furaha kwamba amewaona popo wakizunguka taa, hivyo hapo ndipo kwao. Wanazunguka taa kwa sababu nondo wako pale. Mtu anayekula kibandani halali kibandani. Mlango wa kulala ukimulikwa, popo huchelewa kutoka, na wadudu wengi wako hewani jioni mapema, kwa hiyo anachelewa chakula. Anayeona giza mahali pengine atahamia huko.

Jua ndilo linalonifanya nibishane na wenzangu hadi chai inapoa. Maelezo ya Marekani yanasema elekeza kisanduku kusini. Kwao ni sawa, jua lao liko upande wa kusini mwaka mzima. Nairobi iko nyuzi 1 na kidogo tu kusini mwa ikweta. Desemba jua letu hupita kusini, Machi na Septemba hupita utosini, na Juni na Julai hupita kaskazini. Miezi ya baridi yetu ni ipi? Juni hadi Agosti. Kwa hiyo kisanduku kilichoelekezwa kusini kwa utiifu kimelipa jua mgongo katika miezi ileile popo wanapohitaji joto. Nimewaonyesha watu hili kwa kivuli cha fimbo ya ufagio uani, na bado mtu husema "lakini maelezo yanasema kusini."

Mimi huelekeza mashariki, au kaskazini-mashariki, ili jua la asubuhi liondoe baridi ya usiku. Mwenzangu mmoja husema huo ni ujinga, kwa kuwa asubuhi za Julai hapa ni mawingu matupu na jua likitoka hutoka mchana, basi heri magharibi. Hana makosa. Siwezi kukwambia nimemshinda. Ninachokataa ni kusini tu. Na kwa kuwa jua letu hupiga kutoka juu, paa lina kazi kubwa kuliko mbele: bati lililolala moja kwa moja juu ya vyumba hugeuza kisanduku kuwa oveni Februari. Weka mbao, acha nafasi, kisha bati. Hata hapo nina wasiwasi kwamba nawadekeza, maana popo hawa huishi chini ya mabati matupu kwenye joto linalozidi nyuzi 40 na hawalalamiki. Njia salama ni kufanya vyumba virefu, sentimita 60 hivi, ili wapande wakitaka joto na washuke likizidi. Nguzo ya mtaani haikupi uchaguzi wowote katika haya: ilisimikwa kwa ajili ya waya, na jua lake limeshagawanywa na maghorofa ya pande zote mbili.

Dawa ya mbao je? Nguzo za mikaratusi hutiwa dawa dhidi ya mchwa, na popo hulamba manyoya yake. Kisanduku kilichopigiliwa nje ya nguzo hakina neno sana, lakini ile aina inayovishwa juu ya nguzo, popo wakitambaa juu ya nguzo yenyewe ndani, hiyo isiwekwe kwenye mbao iliyotiwa dawa. Uingereza walijifunza hili walipotia lindane, dawa ya kuua wadudu, kwenye mbao za dari na popo wakafa.

Saipras ya kawaida kutoka Gikomba inatosha, bila dawa. Msimamie fundi. Ukimwacha peke yake atapiga randa, atapiga msasa, na atapaka vanishi ndani, kwa sababu hawezi kukukabidhi mbao yenye mikwaruzo. Jina lake liko hapo. Popo anataka mikwaruzo. Chukua msumeno, chora mistari ya kulala kila sentimita moja, ndani yote na kwenye ubao wa kutua.

Na tafadhali, ile habari kwamba popo mmoja hula mbu 1,000 kwa saa. Ilianzia kwenye majaribio ya mtafiti wa popo Donald Griffin na wenzake, yaliyochapishwa 1960: popo ndani ya chumba, mbu wakafunguliwa humo, popo wakanasa hadi takriban 10 kwa dakika. Watu wakazidisha kwa 60, kisha wakaongeza. Nje, popo hula zaidi nondo na mbawakawa, mbu akiwa nyongeza. Ukitaka kupunguza mbu, funika tangi la maji.

Pia sitaficha kwamba visanduku vingi Nairobi hubaki vitupu. Kwa nini popo aache dari yako yenye joto ahamie kwenye saipras? Nimeona kisanduku kikifaa pale tu mwenye nyumba anapotaka kuziba dari: unakiweka kwanza, karibu na tundu wanalotumia, unangoja, ndipo unaziba watoto wakiwa wamesharuka. Nao huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa hiyo chunguza, usitumie kalenda ya Marekani.

Wewe uliyekwisha kupigilia kwenye nguzo ya stima, usipande kukitoa. Tazama ardhini kwanza. Vidonge vikavu ambavyo ukivisaga kwa kijiti vinakuwa unga wenye vipande vya mabawa ya wadudu vinavyong'aa, hao ni popo. Vya panya havisagiki hivyo. Kisha piga simu kwa wenye nguzo, useme wazi kama kuna popo au nyuki, na uwaache watume watu wao. Popo akianguka usimshike kwa mkono mtupu. Akikuuma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo. Kisanduku kikirudi kwako, ng'oa sakafu, kwangua vanishi, ukifunge kwenye ukuta wa nyumba yako mwenyewe, mita 4 juu, mbali na dirisha la jirani, maana mavi yatadondoka na jirani atakuja kwako, si kwangu.